Istilahi za Tanzu za Kiswahili katika Usomaji wa Biblia: Mifano ya Kufundishia kutoka Katavi

Ikisiri
Makala haya yanachunguza kufaa kwa istilahi za fasihi ya Kiswahili katika kuainisha tanzu na mitindo ya Biblia. Kwa kutumia kisakale, methali na ushairi, yanaonesha kuwa istilahi hizo huangazia sehemu ya matini na kuficha nyingine. Yanahitimisha kwamba utanzu ubainishwe kwa namna matini inavyofanya kazi, si kwa jina lililotumiwa na mfasiri.

1.0 Utangulizi
Mapadre Weupe walifungua misheni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Eneo hilo leo limo katika Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012, ambamo Kiswahili hutumika sambamba na Kipimbwe, Kibende na Kikonongo. Msomaji wa Mpanda, basi, hukutana na Biblia akiwa tayari na fasihi simulizi ya kwao na istilahi za tanzu alizofundishwa shuleni. Swali letu ni moja: je, ujuzi huo humsaidia kwa kiasi gani?

2.0 Kisakale cha Mahali
Hapa ujuzi huo humsaidia sana. Jina la Katavi huhusishwa na Katabi, anayesimuliwa kuwa mwindaji ambaye mzimu wake hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka hapo. Simulizi hili lina viungo vitatu: mahali, kitu kinachoonekana, na jina linalopewa maelezo. Viungo hivyo vimo pia katika Mwanzo 28:10–22, ambapo Yakobo anasimamisha jiwe, analimiminia mafuta na kupaita mahali hapo Betheli. Mfanano huu ni wa muundo. Hauthibitishi uhusiano wa kihistoria, wala haulinganishi imani. Hata hivyo, humwezesha mwanafunzi kutambua kuwa jina na jiwe ndivyo vinavyobeba simulizi, si mapambo yake.

3.0 Methali
Hapa istilahi huanza kupotosha. Neno la Kiebrania *mashal*, ambalo msomaji wa Kiswahili hulijua kama mithali, lina mawanda mapana zaidi. Hutumika kwa misemo mifupi ya hekima, kwa kauli za Balaamu (Hesabu 23:7) na kwa utungo wa kejeli dhidi ya mfalme wa Babeli (Isaya 14:4). Msomaji anayetarajia usemi mfupi wa kimapokeo hatautambua utungo huo wa Isaya.

Upande mwingine, sifa moja ya methali ya Kiswahili hufaa kabisa: methali hutegemea muktadha. *Haraka haraka haina baraka* huishi pamoja na *ngoja ngoja huumiza matumbo*, na hakuna mzungumzaji anayeona kuwa moja imeitangua nyingine. Mithali 26:4 na 26:5 hutoa mashauri yanayopingana kuhusu kumjibu mpumbavu, yakiwa yamewekwa bega kwa bega. Mpangilio huo unadhihirisha kuwa hekima imo katika kujua wakati wa kutumia kila shauri. Suala hili si la darasani tu. Mithali 13:24, inayotaja fimbo na mwana, mara nyingi hunukuliwa kama amri ya kuwachapa watoto. Anayeinukuu hivyo ameigeuza methali kuwa sheria, na anayeumia kwa kosa hilo la uainishaji ni mtoto.

4.0 Ushairi
Katika ushairi istilahi zetu huficha zaidi. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliweka kanuni za utunzi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), ambamo vina na mizani ni nguzo. Kwa kipimo hicho, Zaburi zilizofasiriwa si mashairi. Lakini Robert Lowth (1753) alionesha kuwa ushairi wa Kiebrania hujengwa kwa usambamba: nusu ya pili ya mstari hurudia, hupinga au huendeleza ya kwanza. Kwa kuwa usambamba hutegemea maana, huvuka tafsiri.

Kiswahili hata huuongezea sauti. Zaburi 98:8 inapolinganisha mito na milima, upatanisho wa ngeli hurudia viambishi *mi-* na *i-* katika nusu zote mbili. Katika Kiebrania nomino hizo zina viishio tofauti vya wingi, *-ot* na *-im*. Hivyo, mwangwi huo wa viambishi ni zao la sarufi ya Kiswahili.

Kinachopotea ni akrostiki. Zaburi 119 ina beti 22 za mistari minane, na mistari yote ya kila ubeti huanza kwa herufi moja. Katika tafsiri, mpangilio huo hugeuka kuwa urefu unaochosha. Mwalimu anaweza kuufafanua kwa kurejelea *Dura Mandhuma* ya Umar bin Amin al-Ahdal wa Siu, inayofuata alfabeti ya Kiarabu. Mbinu hiyo, kwa hiyo, si ngeni katika ushairi wa Kiswahili. Imesahauliwa tu katika ufundishaji wetu.

5.0 Hitimisho
Istilahi za Kiswahili zitumike kama maswali, si kama majibu. Kisakale kiulizwe kinaeleza mahali gani na kwa ishara ipi; methali iulizwe inafaa wakati gani; shairi liulizwe linajengwa kwa sauti au kwa maana. Utafiti unaofaa kufuata ni wa kulinganisha usambamba huo na nyimbo za Kipimbwe, Kibende na Kikonongo, ili uainishaji usianze na kuishia katika kanuni za pwani.