Kisukari: Damu huonya kabla macho na figo havijaharibika
Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa mwenye kisukari anaweza kujiona mzima, kumbe mishipa midogo ya macho na figo inaharibika kimyakimya. Kupima sukari asubuhi huonyesha hali ya wakati huo tu. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3. Wagonjwa wengi hushauriwa wabaki chini ya asilimia 7.

Kreatinini kwenye damu huonyesha utendaji wa figo, lakini huchelewa kupanda. Hivyo, omba upimwe pia protini ya albumini kwenye mkojo.

Kama una selimundu au upungufu wa damu, mweleze daktari, kwani HbA1c inaweza kudanganya. Macho na miguu vikaguliwe kila mwaka, hata kama huumwi.