Mintarafu ya Taharuki na Milango Iliyofungwa

Kila nialikwapo katika kikao cha wakuu wa chuo kikuu kuzungumza juu ya mpango wa kukabiliana na maafa, haupiti muda mrefu kabla ya mheshimiwa mmoja kuinua mkono na kuuliza, kwa sauti ya mtu aonaye kuwa amekigusa kiini cha jambo: "Lakini tukiwatangazia wanafunzi, si wataingiwa na taharuki?" Swali hili limekwisha kuulizwa mno na kujibiwa mno, wala sioni tena sababu ya kulijibu kwa upole, kwa kuwa juu ya msingi wake zimejengwa karibu taksiri zote nizionazo katika kampasi zetu: king'ora kisichopigwa mpaka mkubwa apatikane kwa simu, mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo, mpango uliofungiwa kabatini kwa kuwa eti ni siri, na zoezi la kushtukiza, ambalo hao hao waiogopao taharuki hulitamani kuliko jambo jingine lolote.

Itikadi yenyewe huelezwa hivi: binadamu akiambiwa kwamba hatari imemkaribia hupotewa na akili, humkanyaga mwenziwe, hukimbilia asikokujua, na kwa hiyo kinachoua hasa si moto wala risasi bali ni fadhaa ya halaiki, basi hekima ni kuizuia habari mpaka wakubwa wamekwisha kushauriana. Ni itikadi ya zamani, huwapendeza watawala kwa sababu huwapa wao peke yao sifa ya utulivu, na ni batili. Enrico Quarantelli, mwanazuoni wa elimu ya jamii wa Marekani, ambaye mwaka 1963 alikuwa mmoja wa waasisi wa kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, alianza kazi yake katika miaka ya 1950 kwa kuichunguza taharuki hiyo hiyo. Na yeye pamoja na wenziwe, baada ya kuwahoji watu walionusurika katika maafa ya kila namna, waliona kwamba waliokutwa na balaa aghalabu hawapagawi. Huulizana, hutafuta yakini, husaidiana, humwinua aliyeanguka, na kosa lao kubwa si kukimbia upesi bali ni kukawia kuondoka, madhali hakuna aliyewathibitishia kwamba kuna la kukimbia. Taharuki ya kweli, ya kila mtu kujijali nafsi yake tu, hutokea mara chache, na hutokea chini ya masharti yanayojulikana: mtu aone kwamba njia ya kutokea ingalipo lakini inafungika, na kwamba hapana wa kumsaidia. Katika masharti hayo hamna hata moja lihusulo kupewa habari. Yote yahusu njia na upweke, yaani mlango uliofungwa na kipaza sauti kilichonyamaza.

Atakaye ushahidi na autazame usiku wa tarehe 28 Mei 1977 katika jumba la starehe la Beverly Hills Supper Club, jimbo la Kentucky, ambako moto uliua watu 165. Katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, watu wakiwa wamekaa wakiwatazama wachekeshaji, kijana wa miaka 18, mtumishi wa kuondoa vyombo mezani, alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akawaonyesha milango iliko, akawaambia watoke. Waliinuka wakaanza kutoka, na mamia wakaokoka. Waliokufa humo walikufa kwa kuwa moshi uliwawahi kabla hawajaifikia milango. Laiti tangazo lile lingetangulia kwa dakika chache, na laiti lingetoka kwa wenye jumba badala ya kumngojea kijana asiye na cheo! Au na autazame Chuo Kikuu cha Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007, ambako wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini mnamo saa moja na robo asubuhi, na barua pepe ya kwanza ya kuitahadharisha jumuiya ya chuo ikatumwa saa tatu na dakika 26. Dakika chache baadaye muuaji yule yule akaingia madarasani, hata jumla ya waliouawa ikafika 32. Tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani huvilazimisha vyuo kutangaza mara hatari inapothibitika, kwa kuwa nchi ile ilijifunza kwa damu kwamba saa mbili za kushauriana ni saa mbili alizopewa muuaji.

Hapo ndipo niletewapo hoja ya kampasi ya Kikuyu, nami naipokea kwa heshima kwa sababu ni hoja ya kwetu, ingawa ailetaye aghalabu hakuifuata mpaka mwisho wake. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Aprili, kabla ya mapambazuko, hitilafu ya umeme ikatoa mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wameshambuliwa, wakaruka kutoka ghorofani, mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. "Hiyo ndiyo taharuki," husema mheshimiwa. Mimi nasema hiyo ni akili iliyofanya kazi kwa habari pekee iliyokuwa nayo. Mwanafunzi aliyelala siku kumi baada ya Garissa, akaamshwa gizani na kishindo, akasikia mayowe ujiani kabla ya sauti yoyote yenye mamlaka kumfikia, alikuwa na tafsiri moja tu ya kishindo kile, na kwa tafsiri hiyo kubaki chumbani kulikuwa ni kungoja kuuawa. Hakuhitaji kutulizwa, alihitaji kuambiwa. Kipaza sauti chenye betri, mlinzi wa zamu mwenye idhini ya kukitumia pasipo kumwamsha mtu, na maneno machache, "Ni hitilafu ya umeme, hakuna shambulio, shukeni kwa ngazi": hiyo ndiyo dawa ya Kikuyu, na ni kinyume kabisa cha dawa anayoipendekeza mheshimiwa.

Na yeye, baada ya kuiogopa taharuki kiasi hicho, huniuliza ni lini tutawafanyia wanafunzi zoezi la kushtukiza, ili tuone watafanyaje! Jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa mjini Nairobi tarehe 30 Novemba ya mwaka ule ule wa 2015, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, lilipofanywa zoezi la kuigiza shambulio, milio ya risasi ikasikika, na watu wasiojua kuwa ni zoezi wakaruka kutoka juu. Mtumishi mmoja wa chuo akafariki na wengine wakajeruhiwa. Hao nao walitenda kwa habari waliyokuwa nayo, na habari hiyo ilikuwa ya uongo. Watetezi wa zoezi la kushtukiza husema kwamba likitangazwa halitapima hali halisi. Lakini nani aliyesema zoezi ni la kuwapima wanafunzi? Zoezi ni la kuwafundisha njia, na asiyeijua njia hafundishwi kwa kutishwa. Ni la kuupima mpango, na mpango hupimwa kwa saa ya mkononi: king'ora kimechukua dakika ngapi kulia tangu mlinzi alipoona moshi, ghorofa ya juu imechukua dakika ngapi kushuka, ni mlango gani uliokwama, ni nani aliyesahauliwa. Hayo yote hupatikana katika zoezi lililotangazwa wiki nzima kabla, tena kwa usahihi zaidi, kwa kuwa kila mtu yuko kazini mwake akiangalia. Zoezi la siri huongeza dhara moja tu: huwafundisha watu kwamba king'ora cha chuo husema uongo, na siku ya moto wa kweli watabaki vitandani wakisema hayo ni maigizo.

Tuje sasa kwenye kufuli, ambayo ni ndugu wa siri. Mwezi Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Pwani ya Kenya. Tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Na katika mabweni yote mawili madirisha yalikuwa na nondo na angalau mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni uliotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa kufuli ilhali wanafunzi wamo, na madirisha yasiwe na nondo. Mwongozo huo uliandikiwa shule. Walakini kijana yule yule aliyelindwa nao, akiisha kufaulu na kuingia chuo kikuu, hulazwa katika majengo ambayo yangeukiuka wote.

Niliwahi kuingia bweni moja la ghorofa nne saa nne za usiku, nikashuka kwa ngazi ya nyuma nikifuata alama ya kijani yenye picha ya mtu akimbiaye. Chini ya ngazi, magodoro chakavu yalikuwa yamerundikwa hata kiunoni, na nyuma yake mlango wa dharura ulikuwa umepigwa mnyororo mara mbili na kufuli kubwa. Mlinzi akanieleza kwa adabu kwamba ufunguo anao msimamizi wa bweni, na msimamizi anakaa mtaani, nje ya kampasi. Nilipouliza sababu, nikajibiwa: wezi wa kompyuta. Basi kwa ajili ya kompyuta, ambazo hununuliwa tena, mamia ya vijana walikuwa wameachiwa ngazi moja, ambayo ndiyo hiyo moshi huipanda kwanza. Wezi wana dawa yao, nayo ni kitasa cha kusukuma kwa ndani kisichofunguka kwa nje, chenye kengele iliayo mlango ufunguliwapo. Gharama yake haifikii ya jiwe la msingi wala ya sherehe ya kulizindua.

Huulizwa pia kama askari wa lindo waongezwe. Waongezwe, fedha ikiwapo. Lakini Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, na kikosi maalumu cha polisi kiliwasili huko baada ya saa nyingi, na gari la zimamoto nalo, hata katika miji yetu mikubwa, hulazimika kupita katika foleni ile ile tuipitayo sote. Saa ya kwanza ya maafa ni ya wale waliomo ndani ya kampasi, na mpango usiowaandaa hao haumwandai mtu.

Yatakiwayo si mengi, nami nayataja kwa haraka. Afisa wa zamu, usiku na mchana, awe na idhini ya maandishi ya kupiga king'ora na kutangaza, na asiadhibiwe akitangaza kwa nia njema akakosea. Matangazo yaandikwe mapema, kwa Kiswahili na Kiingereza, na vipaza sauti viwe na betri, kwa kuwa umeme ndio hukatika kwanza. Pasiwe na kengele moja kwa kila balaa: moto hutaka watu watoke, mshambuliaji mwenye silaha hutaka walio mbali wakimbie na walio karibu wajifungie na wanyamaze, tetemeko, kama lile la Kagera, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016, hutaka watu wajikinge chini ya meza mpaka litulie, kisha watoke, kwa hiyo sauti ya mtu iseme ni lipi. Kila ghorofa iwe na wanafunzi wawili waliofunzwa, na orodha ya wenye ulemavu pamoja na jina la atakayeshuka nao. Na mwenye kiti cha magurudumu apewe chumba cha chini tangu siku ya kupangiwa. Mahali pa kukusanyikia pawe pawili, wala pasiwe langoni ambako gari la zimamoto litapita. Maabara ziweke orodha ya kemikali nje ya jengo, na swichi kuu ya umeme ijulikane na walinzi wote. Watu wafundishwe kuzuia damu na kutumia mtungi wa kuzimia moto kwa kuushika, si kwa kuutazama ukutani. Namba za dharura zijaribiwe kila muhula. Kwa Tanzania, namba ya zimamoto ni 114. Ichaguliwe ofisi moja ya kuwajibu wazazi. Zoezi lifanywe kila muhula, litangazwe, na matokeo yake yasomwe mbele ya wanafunzi, mabaya kwa mazuri.

Na kabla ya kuitisha kikao kingine, kila mkuu wa chuo na ajibu maswali mawili. La kwanza alijibu kwa jina la mtu, si kwa jina la kamati: nani, saa tisa za usiku wa kuamkia Jumapili, aweza kutangaza hatari bila ya kumpigia simu mtu yeyote? La pili alijibu kwa kwenda mwenyewe kutazama: ni mlango gani wa bweni lake usiofunguka kwa mkono wa mtu aliye ndani? Chuo kisichoweza kuyajibu hayo hakina mpango wa maafa, hata kiwe na kitabu chenye kurasa mia mbili, na wazazi waliokikabidhi watoto wao wana haki ya kuambiwa hivyo.