Nuru Inayolinda Ubongo wa Majeruhi
Askari aliyepoteza damu nyingi hufikishwa chumba cha upasuaji vidole vikiwa baridi na mapigo yamefifia. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hutegemea mapigo hayo. Yakitoweka, nacho hushindwa. Mwaka 1977, mtaalamu Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba miali iliyo jirani na nyekundu, isiyoonekana kwa macho, hupenya ngozi na fuvu. Damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa huifyonza kwa viwango tofauti. Hivyo, kifaa kinachobandikwa kwenye paji la uso hupima miali inayorudi, na humwarifu daktari oksijeni inapopungua ubongoni. Ubongo huharibika katika dakika chache. Hapana budi onyo litangulie madhara.