Kabla ya Ramani, Maana: Maneno ya Sheria za Mipango na Ardhi ya Matondoni

Kila sheria ya kupanga miji na matumizi ya ardhi huwa na sehemu ya tafsiri, kwa kawaida katika kurasa zake za mwanzo, ambamo maneno ya kila siku kama jengo, makazi, kiwanda na ufuo hupewa maana mahususi itakayotawala vifungu vyote vinavyofuata. Wasomaji wengi huiruka sehemu hiyo ili wafikie haraka adhabu na ramani, ilhali ndiyo inayoamua ni nani atakayehitaji kibali, ni nani atakayetozwa faini, na ni nani atakayeambiwa kwamba kazi aliyoirithi kwa wazee wake haina nafasi mahali alipo. Uzito wa jambo hili unaonekana wazi Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa majahazi na ususi wa mikeka, kwa sababu mengi yanayofanyika pale hayaingii sawasawa katika maneno ambayo wapangaji wa miji wameyazoea.

Kupanga kwa kanda ni kuugawa mji katika maeneo na kuliwekea kila eneo matumizi yanayoruhusiwa, aina ya majengo, kimo chake na nafasi ya wazi ambayo mjenzi hulazimika kuiacha baina ya ukuta wake na mpaka. Jiji la New York lilitunga kanuni zake za kanda mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu kijiji cha Euclid katika jimbo la Ohio, ikathibitisha kwamba serikali ya mtaa ina mamlaka ya kufanya hivyo. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuuonja utaratibu wa namna hii kabla ya hapo, tena kwa uchungu. Mjini Dar es Salaam, kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 zilitenga sehemu ya mji kwa ajili ya nyumba za aina ya Kizungu, na Waingereza walipoingia wakauendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu: ya nyumba za Kizungu, ya makazi pamoja na biashara, na ya nyumba za wenyeji. Kanuni za namna hiyo hazikuhitaji kumtaja mtu kwa rangi yake, maana zilitaja aina ya jengo tu, na ufafanuzi wa aina ya jengo ukatosha kuwatenganisha watu wa Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Historia hiyo inatosha kumwonya mtu yeyote anayedhani kwamba sehemu ya tafsiri ni kazi ya makarani.

Nchini Kenya, Sheria ya Mipango ya mwaka 1996 ililieleza jengo kwa upana mkubwa: ni muundo wowote, au sehemu yoyote ya muundo, uwe wa kudumu, wa muda au wa kuhamishika, uliokamilika au usiokamilika. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi yake, inaueleza uendelezaji kuwa ni kufanya kazi yoyote juu ya ardhi au kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya muundo wowote ulio juu yake. Uendelezaji wowote unahitaji kibali cha serikali ya kaunti, na anayeuanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupata adhabu zote mbili. Upana wa maneno hayo una sababu yake, kwa kuwa ufafanuzi mwembamba humpa mjanja mwanya wa kusimamisha hoteli ya mbao ufuoni na kudai kwamba si jengo. Lakini wavu wenye matundu madogo namna hiyo hunasa pia samaki ambao mvuvi hakuwakusudia.

Mfano wake ni banda la waundaji. Pembeni mwa maji, juu kidogo ya mikoko, nguzo chache zinasimamishwa na kuezekwa makuti ili fundi na wanafunzi wake wapate kivuli, na chini ya kivuli hicho mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unalazwa juu ya magogo, mataruma, yaani mbavu zake, yanapangwa yakifuata umbo ambalo fundi analo kichwani bila kuchora, kisha mbao zinapigwa moja baada ya moja kwa misumari na mwisho kutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta inayoshindiliwa katika nafasi za mbao ili maji yasipenye. Kazi hiyo huendelea kwa miezi, na chombo kinaposhuka majini banda linaweza kuachwa, kuhamishwa au kuvunjwa makuti yake yakatumika kwingine. Kwa maneno ya sheria ya 1996, banda hilo lilikuwa jengo, maana hata muundo wa muda ulitajwa. Na msomaji mkali anaweza kwenda mbali zaidi na kudai kwamba jahazi lenyewe, likiwa limeegemezwa juu ya ardhi kwa nusu mwaka, ni muundo wa kuhamishika ambao haujakamilika. Hakuna ofisa mwenye busara atakayelisoma neno hivyo, lakini sheria iliyoandikwa vizuri haimwachii mwananchi kutegemea busara ya ofisa mmoja. Ingetosha kanuni za kaunti kulitaja banda la kuundia vyombo kwa jina lake, kulieleza kuwa ni kivuli kisicho na kuta wala msingi, na kuliondoa katika orodha ya majengo yanayodai michoro na ada.

Swali la matumizi ya ardhi ni gumu kuliko la jengo. Wapangaji wa Kenya wamezoea kuyagawa matumizi katika makundi yanayopewa namba na rangi, ambapo makazi hupakwa hudhurungi katika ramani, viwanda zambarau, elimu rangi ya machungwa, burudani kijani, huduma za umma manjano na biashara nyekundu. Utaratibu huo unafaa mahali ambapo mtu hulala upande mmoja wa mji na kufanya kazi upande mwingine. Katika Matondoni, mwanamke anayesuka ukili barazani kwake, akaushona ukawa mkeka na kumuuzia mfanyabiashara wa mjini Lamu, yumo katika makazi, katika uzalishaji na katika biashara kwa wakati mmoja, na zote tatu zinafanyika katika hatua chache za sakafu ile ile. Akiwekwa katika kanda ya makazi matupu, kazi yake inageuka kuwa jambo la kuvumiliwa tu. Uundaji wa majahazi nao ukiitwa kiwanda, utawekwa katika kundi moja na mitambo yenye moshi na kelele, na huenda ukasukumwa kwenda mbali na nyumba na, kwa hasara kubwa zaidi, mbali na maji. Njia ya kutoka katika tatizo hili inajulikana na imetumiwa katika miji mingi ya dunia: sheria huweka aina ya tatu ya matumizi, yaani kazi za mikono zinazofanyika nyumbani au jirani na nyumba, na kuieleza kwa madhara yake halisi, kama vile kelele, moshi, taka na magari, badala ya kuihukumu kwa jina lake.

Mahali ambapo ufafanuzi una uzito zaidi kwa waundaji ni ufuoni. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji madogo ni ardhi ya umma. Kanuni za Upimaji za mwaka 1994 zinaongeza kwamba ardhi ya Serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu utengwe. Maneno hayo yanasomeka kwa urahisi hadi yanapopelekwa ufuoni, kwa sababu watu wa pwani wanajua kwamba maji hayajai kwa kiwango kimoja mwezi mzima: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, yanapanda mbali, na siku za maji mafu yanaishia chini sana. Katika ufuo tambarare wenye mikoko, tofauti ya mistari hiyo miwili inaweza kuwa upana wa kiwanja kizima, kwa hiyo ramani isiyosema imepimwa kwa maji gani haijasema mpaka uko wapi. Waundaji hawawezi kuukwepa mstari huo, maana chombo kizito hushushwa kwa maji ya bamvua, na ni lazima kiundwe mahali ambapo maji hayo yatakifikia au yatakikaribia. Ukanda wa mita 60, ambao katika sehemu nyingine za pwani ni kinga ya haki dhidi ya wanaojenga kuta hadi majini na kuwafungia wavuvi njia, ukitumiwa hapa bila ufafanuzi wa shughuli zinazohitaji bahari ili ziwepo unaweza kuwaondoa wale wale uliokusudiwa kuwalinda. Hifadhi na bandari ya kuundia haziko katika vita, ila sheria lazima izitaje zote mbili.

Kuhusu nyumba, mji wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una mafunzo yanayowahusu Matondoni pia. Wikio, yaani chumba kinachojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, kimo katika nyumba ya mtu lakini chini yake ni njia ya watu wote, na kanuni ya kawaida ya mstari wa ujenzi ingekihesabu kuwa uvamizi wa barabara. Baraza ya nje ni ya mwenye nyumba, ilhali mpita njia yeyote huketi. Zaidi ya hayo, kwa desturi ya Lamu binti anapoolewa wazazi humjengea au humpa sehemu ya nyumba, mara nyingi ghorofa ya juu, kiasi kwamba nyumba moja huwa na vizazi na jamaa kadhaa; neno makazi likielezwa kuwa ni nyumba ya familia moja ya wazazi na watoto wao, nyumba ya namna hiyo inageuka kosa. Jambo hilo si la kubuni. Katika mji wa East Cleveland nchini Marekani, bibi mmoja alihukumiwa kwa kuishi na wajukuu wawili waliokuwa binamu, kwa kuwa kanuni za mji zilifafanua familia kwa namna iliyomwacha mjukuu mmoja nje, na ni hadi mwaka 1977 ambapo Mahakama ya Juu iliitangua kanuni hiyo.

Vifaa vya ujenzi vina historia yao. Kanuni za ujenzi za Kenya za mwaka 1968, zilizofuata mno mfano wa Uingereza, zilitumika kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kanuni mpya za mwaka 2024, na katika mazoea ya maofisa jengo la kudumu likaja kumaanisha saruji na mabati, huku udongo, boriti na makuti vikiitwa vya muda. Hatari ya moto katika paa la makuti ni ya kweli na haifai kupuuzwa, lakini nyumba za mawe na chokaa za Lamu, zilizosimama tangu karne ya 18 juu ya boriti za mikoko, zinaonyesha kwamba kudumu hupimwa kwa matunzo kuliko kwa jina la kifaa.

Neno ardhi lenyewe linabishaniwa. Katiba, katika ibara ya 260, inalipa maana pana inayojumuisha uso wa nchi, miamba ya chini, maji na anga ya juu yake. Desturi ya pwani iliyokita katika sheria ya Kiislamu inakubali kwamba mtu anaweza kumiliki nyumba au minazi bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, na Mombasa ina mitaa mizima iliyojengwa hivyo. Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo ilizihesabu ardhi za ukanda wa pwani zisizodaiwa kuwa mali ya Serikali, na ndiyo sababu mojawapo ya wakazi wengi wa pwani kuishi bila hati juu ya ardhi ya wazee wao. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango kwa ufafanuzi wake wa jamii, maana kati ya vigezo inavyovitaja ni utamaduni unaofanana au njia ya pekee ya kujipatia riziki. Uundaji wa majahazi ni njia ya namna hiyo bila shaka yoyote.

Upangaji wa kaunti umekuwa kazi ya serikali za kaunti tangu Katiba ya 2010, na sheria inazitaka zitangaze rasimu za mipango na kupokea maoni ya wananchi kabla ya kuzipitisha. Katika vikao hivyo ramani kubwa za rangi hubandikwa ukutani, na watu hutafuta nyumba zao wakaridhika wanapoziona. Ni vyema wazee, mafundi na kina mama wa Matondoni wanaoitwa katika vikao hivyo waombe kwanza wasomewe, kwa Kiswahili, ukurasa wa tafsiri ya maneno, waulize banda, bandari ya kuundia, baraza na maji makuu vimeelezwaje humo, na wasitie sahihi zao kabla ya kupata jibu lililoandikwa.