Je, Wajua? Silaha ya Blaiti Ndiyo Inayoichongea

Mkulima wa nyanya wa Kimana, chini ya Kilimanjaro, hahitaji darubini kuitambua blaiti. Jani hupata doa kama limemwagiwa maji ya moto, na asubuhi ya umande ukiligeuza, waona utando mweupe pembeni mwa doa. Baridi ikishikana na mvua, shamba zima huungua kwa siku chache.

Je, wajua kwamba blaiti si ukungu halisi? Kwa nasaba, Phytophthora infestans (ndilo jina lake la kisayansi) iko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Ndiyo iliyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845.

Mnyanya nao haukai bure. Kati ya seli zake humwaga vimeng'enya vya kukatakata protini za adui. Blaiti hujibu kwa protini iitwayo EPIC1, inayovinasa vimeng'enya hivyo na kuvizima. Protini nyingine hupenya hadi ndani ya seli kuvuruga kinga. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2009, ilionekana kuwa na jeni zaidi ya 500 za kundi moja tu la protini hizo za kupenya!

Ila kila protini inayoingia ni ushahidi. Mmea wenye jeni inayofaa ukiigundua hata moja, seli iliyovamiwa hujiua, na blaiti, ambayo mwanzoni hutegemea seli hai, hukwama papo hapo.

Katika viazi, jeni ya R3a huitambua protini ya AVR3a. Blaiti ilibadilisha asidi amino mbili tu za protini hiyo, ikapita. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, na wenzao wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, walitia jeni tatu za viazi mwitu kwa pamoja katika aina ya Victoria. Kwenye majaribio huko Uganda, viazi hivyo vilihimili blaiti bila dawa ya kupulizia.

Kwa nyanya kuna Ph-2 na Ph-3, jeni za nyanya mwitu zilizoingizwa kwa uzalishaji wa kawaida. Ukifika agroveti, uliza kama mbegu unayouziwa inazo zote mbili, maana Ph-3 peke yake imeshashindwa na baadhi ya aina za blaiti.