Waya wa Tatu

Katika nyumba nyingi za Uingereza ambazo hata leo hupokea intaneti kwa waya wa shaba wa simu, mwenye nyumba apendaye kuweka soketi ya pili, ama chumbani kwake ama darini alikojitengea meza ya kazi, aghalabu hudhani ya kuwa shughuli yote ni kuunga waya hapa na kuutokeza kule, na madhali simu imelia basi mambo yamekwisha. Walakini simu na intaneti, ijapokuwa zapita njia moja, haziridhiki kwa jambo moja.

Sauti ya mwanadamu ipitapo katika simu ni mitetemo baina ya 300 na 3400 kwa sekunde, ilhali intaneti ya ADSL huanzia mitetemo kama 25,000 na kupanda hata ikapita milioni moja, na kadiri mitetemo izidivyo ndivyo ishara izidivyo kudhoofika njiani. Ishara iliyodhoofika hushindwa upesi na kelele, na kinga yake ni nyaya mbili za laini kusokotwa pamoja mfano wa kamba: kelele itokayo nje huzipiga zote mbili sawasawa, na modemu, kwa kuwa hupima tofauti iliyo baina yao tu, haiisikii. Ukibebeshwa waya mmoja mzigo asiobeba mwenziwe, mizani huharibika, na kelele ikapata mlango.

Mzigo huo nyumba za Uingereza zimeurithi. British Telecom ilipoanza kueneza soketi za plagi mwaka 1981, kengele za simu za wakati ule zililizwa kwa waya wa tatu, utokao katika kapasita iliyomo ndani ya soketi kuu na kufika katika nambari 3 ya kila soketi ya nyongeza. Simu za leo takriban zote hazina haja nao, walakini waya ungalipo, umefungamana na upande mmoja wa laini, ukitambaa kutani kama antena na kunasa kelele za taa na za stesheni za redio za mbali. Niliitwa katika nyumba moja ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kubadili modemu mara mbili, kwa sababu intaneti ilikuwa ikikatika kila magharibi. Nilifungua soketi kuu, nikachomoa waya mmoja mwembamba wa rangi ya machungwa, na jioni ile, na zilizofuata, haikukatika tena.

Basi atakaye kuunga soketi na afuate taratibu hii. Katika soketi kuu, ile iitwayo NTE5, alegeze skrubu mbili na kuvuta nusu ya chini ya uso wake: hiyo ndiyo iliyo ruhusa yake, na kilichobaki ukutani ni mali ya kampuni ya simu, asikiguse. Nusu hiyo ikitoka, nyaya za ndani ya nyumba huwa zimetengana na laini, naye husalimika na umeme wake wa volti 50, ambao kengele ikilia huzidi hapo. Achague waya wa simu wenye jozi zilizosokotwa, wala si ule bapa. Wa samawati wenye pete nyeupe autie nambari 2, mweupe wenye pete za samawati autie nambari 5, huku na huko vivyo hivyo, na nambari 3 aiache tupu. Ganda asilimenye, bali ausukume waya kwa kifaa chake baina ya meno ya chuma, nayo yatalikata yenyewe. Na msokoto asiufumue ila kwa kadiri ya upana wa kidole. Kisha kila simu iliyomo nyumbani aitilie kichujio cha kutenga sauti na intaneti.

Akiisha, asitosheke kwa kusikia mlio wa simu. Nyuma ya uso ule alioutoa mna soketi ya majaribio, ambayo haikuungwa na waya wowote wa nyumba. Achomeke modemu humo kwanza, aandike kasi aionayo, kisha arejeshe uso mahali pake, ahamie soketi mpya na kupima tena. Vipimo viwili vikikaribiana, kazi yake ni sahihi; kikipungua cha pili kwa kiasi kikubwa, basi na arudi katika waya alioutandaza mwenyewe, kabla hajailaumu laini iliyo barabarani.