Guns of Icarus: Gemu ya Vita vya Angani Ambayo Huwezi Chapa Bila Mbogi

Ukikatiza Soko la Toi Jumamosi, katikati ya viatu vya mtumba, lazima utasikia kelele ya PS kutoka kwa kibanda fulani. Wasee wawili wameshika pad, wengine wamejaa nyuma yao wakiwakosoa, na sheria unaijua: ukipigwa, unapeana pad. FIFA inabamba hapo kwa sababu inahitaji watu wawili tu, na Toi watu wawili hawakosi.

Sasa cheki gemu ambayo hata watu kumi hawatoshi. Inaitwa Guns of Icarus Online. Muse Games, studio ndogo ya New York, iliitoa Oktoba 2012 kwa kompyuta, baada ya mashabiki kuchanga doo kupitia Kickstarter. Kabla utoe ganji yako kwa gemu yoyote ya mtandaoni, soma vile hii ilipokelewa.

Inachapwa aje?

Dunia imeharibiwa na vita, ardhi ni jangwa, watu wanasafiri kwa meli za angani: juu puto kubwa, chini meli yenye injini na mizinga. Kila meli inabeba watu wanne. Ifikirie kama mathree ya 46 ya Kawangware. Kapteni ndiye dere, anashika usukani na kuamua njia. Wapiga mizinga wanalenga maadui. Fundi ndiye makanga, hatulii: anakimbia huku na kule akirekebisha kila kitu kinachovunjika.

Na si kurekebisha ovyo. Spana inatengeneza kidogo lakini haraka. Nyundo inarudisha mengi kwa mpigo mmoja, ila ukishagonga, lazima ungoje kabla uguse kitu hicho tena. Ukikosea hesabu, puto linaisha na meli yote inashuka.

Mizinga nayo ina zamu. Gatling inachana ngozi ya chuma ya meli, halafu mortar inamaliza mwili ulio wazi. Wa mortar akianza mapema, risasi nyingi zinapotea bure. So lazima muongee. Kila mtu akinyamaza, mmeisha.

Wachezaji walisemaje?

Waliipenda, na walipenda hasa hiyo stori ya kushirikiana. Unaingia na watu hujui, dakika kumi baadaye mnapigiana kelele kwa maiki kama watu mmekua ploti moja. Wakongwe wengi walikuwa wanafunza wageni badala ya kuwatusi, na hiyo kwa gemu za mtandaoni ni nadra.

Ngori ilikuwa hesabu. Mechi ndogo ni meli mbili kwa mbili, yaani watu 16. Kubwa ni nne kwa nne, watu 32. Nafasi ikikosa mtu, kompyuta inaijaza na roboti. Itarekebisha, itapiga mzinga, lakini haiongei, na kuongea ndio gemu yenyewe.

Halafu cheki vile shimo linajichimba. Mgeni anaingia, hakuna wageni wenzake, anakutana na wakongwe wa miaka. Anachapwa mara tatu, anatoka. Waliobaki wanangoja mechi zaidi, nao wanachoka.

Muse walijaribu kuokoa. 2013 walichangisha tena ili waunde upande wa kupigana na kompyuta, ili mbogi moja ya wanne itoshe. Ilifika 2017 kwa jina Guns of Icarus Alliance, na 2018 ikaingia PS4. Wazo lilikuwa fiti, lakini miaka minne ni mingi. Wengi walikuwa washahama.

Linganisha na yetu. Nairobi X ya Black Division Games ilitoka 2015: viumbe wa anga wanavamia Nairobi na wewe ni komando unawatimua. Hiyo unaichapa peke yako saa nane usiku, hungoji mtu.

Kabla utoe doo

Usiangalie picha peke yake. Ingia Steam Charts ucheki watu wangapi wanacheza gemu hiyo leo, si siku ilitoka. Kisha piga hesabu ya masaa: wasee wa New York wakijaa mtandaoni saa mbili usiku, hapa Nairobi ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Na seva ikiwa mbali, unafyatua sasa, risasi inatoka baadaye.

La mwisho, hesabu mabeste. Gemu ikitaka wanne, tafuta wanne wenye kompyuta na intaneti kabla ununue, si baada. Ukiwapata, mtaenjoi kuliko FIFA. Ukikosa, weka doo yako, rudi pale kibandani Toi, uulize nani anafuata kwa pad.